Saladi ya Maji Katika Mbeta za Ulanzi

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kihesa na ndoo za plastiki mkononi, mkitaka vikonyo vya saladi ya maji mkaoteshe nyumbani, nawapenda sana, lakini mna haraka. Mnachukua shina, mnalitumbukiza majini, mnaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mmea huu ulijifunza wapi kuishi ndani ya ndoo. Maana haukuzaliwa humo. Ulizaliwa kijitoni, una kiburi cha kijitoni, unataka maji baridi yanayotembea. Kwenye bonde letu, mara ya kwanza kukubali kukaa kwenye chombo ilikuwa wakati wa msiba. Kaeni basi. Ndoo ziwekeni kivulini, na maji hayo yaliyopata moto njiani mwageni.

Nisije nikadharauliwa, niseme kwanza kwamba mimi ni msomi. Nilisoma shule ya jioni ya watu wazima pale Mlandege, kwa taa ya chemli, mpaka moshi wa mafuta ya taa ukaniingia kichwani ukakaa pamoja na hesabu. Cheti ninacho, na fremu yake ni kubwa kuliko dirisha la nyumba yangu. Lakini hiki ninachowaambia leo sikukisoma Mlandege. Nilikipata Kalenga, kwa Mzee Lameki na mkewe Mama Lugano, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nikiwa kijana mwenye mke na kiuno kisichojua kuuma.

Mzee Lameki alikuwa Mhehe wa Kalenga aliyekwenda Mbeya kutafuta kazi, akaajiriwa bustanini kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na kijito nyuma ya nyumba. Kwenye kijito hicho ndiko saladi ya maji ilikoota. Mzungu yule aliila asubuhi, mchana na jioni, na kwa maelezo ya Mzee Lameki alikuwa na mashavu mekundu kiasi kwamba jogoo wa jirani wakimwona walidhani kunakucha. Alipoondoka kurudi kwao aliwauliza watumishi kila mmoja anataka nini cha kumkumbuka. Mpishi aliomba koti. Mzee Lameki aliomba vikonyo.

Akavifunga kwenye gunia lililoloweshwa, akapanda lori na mkewe kurudi Iringa. Kila lilipofika kwenye mto alimsihi dereva asimame, ashuke alowanishe gunia. Ukimsikiliza yeye, kati ya Mbeya na Iringa kuna mito mia saba. Ukinisikiliza mimi, kuna zaidi. Dereva alimwambia, "Mzee, ningejua umebeba samaki hai ningekutoza nauli yao." Mama Lugano alilipakata gunia lile njia nzima, likimlowesha mapajani, hakusema neno.

Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe. Lugano, mtoto wao wa pekee, walikuwa wamemzika Mbeya akiwa bado hajajua kutembea. Ndiyo sababu hakusema neno. Alikuwa anaacha kaburi nyuma, na alichopewa kupakata badala yake ni gunia la majani.

Sasa ninyi wa mjini labda hamjui kinyungu. Kinyungu ni shamba la bondeni, kwenye unyevu, tunalolima kiangazi wakati mlimani kumekauka. Unachimba mifereji, unainua matuta, maji yanapungua, unapanda mahindi mabichi, maharage, mboga. Kwa hiyo Mhehe yeyote akiona maji bondeni, mkono wake unawasha kuyatoa. Mzee Lameki alifanya kinyume. Juu ya kinyungu chake kulikuwa na chemchemi. Aliweka banio la mawe na udongo, akayageuza maji yaingie taratibu kwenye vitanda vya changarawe, yapite juu ya changarawe kama mtu anayepita msikitini na viatu mkononi, kisha yaendelee chini kwa majirani. Watu walimcheka. Walisema Lameki amerudi kutoka Mbeya amesahau kulima, sasa anafuga madimbwi. Jirani mmoja alipewa vikonyo akavipanda juu ya tuta kabisa, kama mbegu za viazi vitamu, akavifukia, akavipigapiga na jembe. Vilikufa kabla hajafika nyumbani.

Somo langu la kwanza lilikuwa hili. Mzee aliniambia, "Yohana, ingiza mkono kwenye maji." Nikaingiza. "Unauma?" Nikasema unauma, mzee, kama umeng'atwa. "Basi saladi imefurahi. Siku mkono wako ukistarehe humo, ujue saladi inalia." Mpaka leo sina kipimo kingine. Na ninyi msiwe nacho.

Somo la pili: kata kabla ya maua. Ikishachanua inakuwa chungu, na ukali wake unapanda puani. Kata kwa kisu, usivute, acha shina lenye vifundo majini. Kila kifundo ni mdomo, kitatoa mizizi na kichipukizi kipya. Shikeni hilo la vifundo, nitalirudia.

Somo la tatu lilikuwa la ng'ombe na kondoo. Mzee hakuruhusu mnyama anywe juu ya vitanda. Wanyama wakinyea maji yanayoingia kwenye saladi, konokono wadogo wanapokea minyoo, na mtu akila majani mabichi minyoo inamfikia maini. Kama hujui maji yako yanatoka wapi, usile mbichi. Chemsha. Mimi naipika na karanga zilizotwangwa, na ugali wake, na nikiwa nakula huwa siitikii mlango.

Saladi tuliipeleka kwenye hoteli moja ya mjini, mafungu yamefungwa kwa kamba za mgomba, na kwa kazi hiyo nyumba ya Mzee Lameki iliishi. Kisha kiangazi kimoja Mzee akaanza kukohoa. Alikohoa akiwa amesimama majini, na mkewe akamwambia atoke, naye akasema anamalizia kitanda hiki tu. Akamalizia. Akalala, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani, na asubuhi moja Mama Lugano alitoka nje akasimama mlangoni bila kilemba. Hatukuhitaji kuambiwa.

Tulimzika ukingoni mwa kinyungu, juu kidogo ya chemchemi, kama alivyoomba.

Na kwetu mtu akifa, jembe linalala. Hakuna anayechimba udongo mpaka matanga yaanuliwe, isipokuwa kwa kaburi. Sisi tulikuwa Walutheri toka unyayoni mpaka utosini, tuliimba tenzi mpaka ng'ombe wa Kalenga wakazijua sauti zote nne, lakini jembe msibani, hapana. Mwalimu Zakaria, mwinjilisti wetu, aliwahi kusema Biblia haikukataza. Tukamwuliza, je, yeye atalima? Akasema yeye mgongo unamsumbua.

Siku ya pili ya matanga, watu wote wakiwa msibani, ng'ombe wasio na mchungaji waliteremka kwenye chemchemi. Walikanyaga banio likabomoka lote. Maji yakashika njia yake ya zamani kwenda mtoni, na vitanda vikabaki vikavu. Nilipofika, jua lilikuwa limeshaanza kuilaza saladi ubavu.

Nilikimbia kwa Mwalimu Zakaria. Nikamwambia, "Mwalimu, banio limekufa. Niruhusu nichimbe kidogo tu."

"Jembe limelala, Yohana."

"Nitatumia mikono."

"Mkono ukichimba ni jembe."

"Basi mguu."

Alinitazama kwa huruma. "Nenda ukae na wenzako," akasema. "Mzee Lameki mwenyewe asingechimba."

Na kweli asingechimba. Nikarudi nikakaa mkekani pamoja na wanaume, na hapo ndipo nilipomsikia Filipo.

Filipo alikuwa mdogo wake Mzee Lameki. Msimfanye shetani. Alikuwa na watoto wengi na kipande cha shamba ambacho mbuzi akijilaza amekimaliza. Aliongea kwa sauti ya kawaida, mbele ya wazee wa ukoo, na mjane akiwa ndani, ukuta mmoja tu katikati.

"Kinyungu cha kaka ni cha ukoo," alisema. "Hakuacha mtoto. Matanga yakianuliwa tutakwenda kukitazama. Tukikuta mazao, basi, desturi tunaijua, mwenye mazao haondolewi mpaka amalize kuvuna. Mimi simwonei mtu. Tukikuta kitupu, jembe langu litaingia siku hiyo hiyo, na shemeji tutamsindikiza kwao Rungwe kwa heshima zote, na kuku wa njiani."

Mzee Yeremia, mkubwa wa ukoo, akaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Hakuna aliyebisha. Haikuwa dhuluma, ilikuwa desturi, na ndiyo maana ilituuma zaidi.

Mama Lugano aliniita nyuma ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa kavu.

"Umemsikia shemeji?"

"Nimemsikia, mama."

"Kaburi moja nimeliacha Mbeya, Yohana. Sijui hata kama kuna anayeling'olea majani. Hili siliachi." Akageukia upande wa kinyungu. "Saladi inaweza kukaa siku ngapi bila maji?"

"Haiwezi, mama. Jua hili, kesho jioni ni nyasi."

"Na bila udongo?"

Nikaviona kichwani vitanda vya mzee: changarawe na maji, changarawe na maji. Udongo ulikuwa wa nini? Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu sisi ni watu wa udongo, kitu kikiota tunadhani kimeotea hapo.

"Bila udongo inaweza," nikasema.

"Basi kachumeni mboga ya msiba," akasema. "Kuchuma mboga hakujakatazwa."

Tulikwenda, mimi na wanawake wawili wa jirani, tukachuma. Ila tulichuma na mizizi yake. Mwalimu Zakaria alikutana nasi njiani, akatazama makapu yetu, akatazama angani kama mtu anayetafuta mvua mwezi wa kiangazi, akapita.

Shida ikawa vyombo. Msiba unameza vyombo vyote. Sufuria za bonde zima zilikuwa motoni, mabeseni yalikuwa na ugali, ndoo zilikuwa na togwa. Nilipata karai la fundi la kujengea lenye tundu upande, nikaliziba kwa nta. Nilipata debe. Mama Lugano akaingia ndani, akatoka na beseni dogo la bati, jeupe lenye ukingo wa buluu, limefunikwa kanga. Sikuwahi kuliona. Wanawake wale wawili waliacha kazi mara moja, wao walilijua. Ndilo alilokuwa akimwogeshea Lugano, alitoka nalo Mbeya, na tangu hapo halikuwahi kuguswa na maji. Akaliweka chini mbele yangu.

"Anza na hili," akasema.

Bado saladi ilibaki nyingi. Ndipo nikakumbuka mbeta. Mbeta ni kile kipande cha mwanzi tunachokifunga kwenye mianzi wakati wa mvua kukinga ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kiangazi hakuna ulanzi, kwa hiyo mbeta za wagema zilikuwa zimening'inia darini zikifanya kazi ya kufuga buibui. Nikaenda kwa wagema, wakanipa zote, pengine mia, pengine mia mbili, sikuwa na nafasi ya kuhesabu na leo nina ruhusa ya kuongeza. Tukazijaza maji ya chemchemi, kila moja shina lake, tukazifunga ukutani upande wa kivuli. Zilipendeza. Nyumba ilikuwa kama imevaa shada.

Asubuhi yake nikaenda kutazama. Ya beseni, imesimama. Ya karai na debe, imesimama. Ya mbeta, yote imelegea, imekuwa na utelezi, na maji yametoa povu. Nikanusa. Mbeta, ndugu zangu, hazikuwahi kuoshwa tangu zilipoumbwa. Mgema haoshi mbeta, masimbi, yaani mashapo ya ulanzi wa jana, ndiyo yanayochachusha wa leo, na sote tulijua hivyo toka utotoni, lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka.

Mama Lugano akaja akasimama pembeni yangu. Akainusa moja.

"Imekufa?" akauliza.

"Mama," nikasema, "imelewa."

Nilidhani nimekosa adabu mbele ya mfiwa, nikaanza kutafuta ardhi inimeze. Kisha akacheka. Alicheka akiwa ameshika ukuta, mpaka wanawake wakatoka jikoni kuona kuna nini, na kicheko kikageuka kilio njiani, na wakamshika. Tangu tulipomzika mzee hakuwa amelia kwa sauti.

Siku hiyo tulizisugua mbeta zote kwa majivu na mchanga, tukazimwagia maji ya moto, tukazisuuza mpaka zikanuka mwanzi mtupu. Mashina yaliyokuwa na kifundo kigumu tukayakata upya, tukayarudisha. Nusu yalipona. Kwa hiyo mnaponiona nanusa ndoo zenu kabla sijaweka kikonyo, mkachekana ninyi kwa ninyi, vicheko vyenu navisikia. Ndoo iliyowahi kuwa na sabuni, mafuta au pombe, isugue kama unasugua dhambi. Chombo kwanza, mmea baadaye.

Na maji yasilale. Kijito hakilali. Pale msibani tulipata bahati, maana kuteka maji hakukatazwi, na wanawake walipita siku nzima na ndoo kutoka chemchemini kwenda jikoni. Mama Lugano hakuwaomba. Wa kwanza alipopita alimwaga maji ya zamani ya karai, akamimina mapya kidogo, akaendelea. Wa pili akaona, akafanya kwenye debe. Baadaye hata wageni kutoka mbali, wasiojua ni majani gani yale, walimimina na kusema pole, wakidhani ni desturi ya Kinyakyusa.

Matanga yakaanuliwa. Mwalimu Zakaria akaomba, watu wakanawa, wazee wa ukoo wakateremka kinyunguni na Filipo mbele, jembe begani. Vitanda vilikuwa vimekauka, changarawe nyeupe kama mifupa.

"Mnaona wenyewe," Filipo alisema. Hakusema kwa furaha. Alitazama pale kaka yake alipolala, akavua kofia. "Kitupu."

"Mazao yako nyumbani," Mama Lugano alisema nyuma yao. "Yalikimbia jua. Twendeni mkayaone."

Wakapanda wote. Pale ukutani, kwenye mbeta, kwenye karai, kwenye debe na kwenye beseni la Lugano, saladi ilikuwa imesimama. Nyembamba kuliko ya kijitoni, sitasema uongo hapo, lakini kijani na hai. Mzee Yeremia alichomoa shina moja, akaona mizizi myeupe inaning'inia kama ndevu zake mwenyewe. Akatafuna jani. Ukali ukampanda puani, akapiga chafya kofia ikaanguka.

"Ni chakula hiki," akatangaza, akifuta macho. "Kitu kinachompiga mtu hivi lazima ni chakula."

"Ni majani kwenye makopo," Filipo akasema.

"Ng'ombe wasingevunja banio, yangekuwa wapi?" Mzee Yeremia akamwuliza.

Filipo akageuza uso. Ng'ombe wale, sikuwaambieni, walikuwa wake.

"Haya!" akasema mwishowe, akautua mpini wa jembe chini. "Nisije nikaambiwa nimemwonea mjane wa kaka yangu. Shemeji, yarudishe majani yako kitandani. Vuna. Ukimaliza kuvuna, ndipo mimi niingie."

"Mpaka amalize," Mzee Yeremia akarudia. "Umesema, na sisi tumesikia."

"Mpaka amalize," wazee wakaitikia.

"Asante, shemeji," Mama Lugano akasema, akapiga magoti kidogo kwa heshima. "Nitavuna."

Mimi nilitazama chini. Nilikumbuka vifundo. Filipo alikuwa anafikiria maharage: unang'oa, unapiga, unafagia, kwisha. Mchana huo huo alichimba banio jipya kuliko sisi wote, jasho linamtiririka, akitaka maji yafike upesi ili shemeji yake amalize upesi. Tukairudisha saladi majini.

Baada ya muda alipita. "Shemeji, bado?"

"Bado kidogo, shemeji. Nimekata, imechipua tena."

Akapita tena mvua zilipokwisha. "Shemeji, mavuno gani haya?"

"Hata mimi yananishangaza, shemeji. Chukua fungu upelekee watoto."

Akachukua. Watoto wake wakaizoea, na wakaanza kutumwa kuifuata. Miaka ikapita, maswali yake yakawa ndiyo salamu. Wengine wakikutana husema kamwene. Filipo akifika ukingoni aliita, "Shemeji, hujamaliza?" na yeye akajibu kutoka majini, "Sijamaliza," kisha ndipo waulizane habari za nyumbani.

Alivuna mpaka nywele zikawa nyeupe. Alinifundisha mengine yote niliyofanyia kazi maisha yangu, na siku alipofariki tulimzika pale ukingoni, kando ya mzee. Ilikuwa kiangazi tena. Majembe yalilazwa.

Baada ya maziko nilimkuta Filipo amesimama peke yake kwenye vitanda, mzee wa fimbo sasa. Saladi ilikuwa imejaa mpaka maji hayaonekani. Nilisimama kando yake, hatukusalimiana.

"Hakumaliza," akasema.

"Hakumaliza, mzee."

Akatazama juu kwenye mteremko, njia ya mifugo ya kwenda chemchemini, watu wote wakiwa msibani.

"Nenda kalete lile beseni la mtoto," akaniambia, "kabla ng'ombe hawajafika."